Mota Inapoamka, Mtaa Mzima Hujua

Katika miji iliyo mwisho wa laini ya umeme, mtu anaweza kujua kwamba kinu cha jirani kimeanza kazi hata kabla ya kusikia mlio wake. Taa hufifia. Feni hupunguza mwendo, friza ya muuza samaki hunguruma kwa shida kisha hunyamaza. Sekunde chache baadaye mwanga hurudi, na huko kinuni unga huanza kutoka. Watu huizoea hali hiyo, na wakichoka nayo huilaumu kampuni ya umeme. Lakini mara nyingi chanzo kiko hatua chache tu kutoka mlangoni: ni mota ya kinu, na namna fundi alivyoiunganisha ili ianze.

Kashikishi ni mmoja wa miji hiyo. Uko ufukweni mwa Ziwa Mweru, katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Kutoka Mansa, makao makuu ya mkoa, safari ya barabara ni zaidi ya kilomita 200 kupitia bonde la Mto Luapula. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na huko kuna Kilwa na Pweto, miji ambayo Kiswahili husikika sokoni kila siku. Ziwa huwapa watu chisense, dagaa wadogo wanaoanikwa juani, pamoja na samaki wakubwa zaidi. Uvuvi husimamishwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, lakini vinu havina likizo. Muhogo mkavu na mahindi lazima visagwe, kwa sababu ubwali, yaani ugali, hauna msimu.

Mjini hapa nyumba nyingi ni za chini, kwa hiyo mota zinazofanya kazi nzito si za lifti kama ilivyo katika miji mikubwa. Ni mota za vinu na za pampu za maji. Hata hivyo, mota ya kinu cha Kashikishi na mota ya lifti ya hidroliki katika hospitali ya Nairobi au hoteli ya Dar es Salaam ni ndugu wa damu. Zinaweza kuwa na ukubwa uleule, zinatumia fezi tatu zilezile, na tatizo lao kubwa ni moja: kuanza. Dawa yake ni moja pia. Ni kifaa ambacho mafundi hukiita softi stata, yaani kianzishi (stata) kinachoiamsha mota polepole.

Sekunde za gharama kubwa

Mota inayotumika vinuni ni ile ya induksheni. Mhandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliiunda kwa ajili ya umeme wa fezi tatu mwaka 1889, akijenga juu ya kazi za Galileo Ferraris na Nikola Tesla. Tangu wakati huo umbo lake halijabadilika sana. Koili za waya wa shaba zimekaa kwenye ganda la nje, na rota ya chuma huzunguka katikati. Rota haina brashi, na haiguswi na waya wowote kutoka nje. Koili zikipata umeme huzalisha uga wa sumaku unaozunguka, na uga huo huiburuta rota. Ni mashine imara, ya bei nafuu, na ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi.

Ina udhaifu mmoja. Ikiwa inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, mota hujitengenezea volti inayopingana na ile inayoingia, na upinzani huo ndio unaozuia mkondo usizidi. Ikiwa imesimama, upinzani huo haupo. Ukiiunganisha moja kwa moja na laini, humeza mkondo mkubwa mno hadi rota ishike kasi. Ni sawa na mtumbwi ulionasa mchangani: kuung'oa huhitaji wanaume sita, ingawa ukishaelea mmoja tu anatosha.

Hesabu ni hii. Mota ya kilowati 15, ukubwa wa kawaida kwa kinu cha nyundo, ikiwa kwenye umeme wa volti 400 wa fezi tatu hutumia ampea 28 hivi inapobeba mzigo wake wote. Ikianza moja kwa moja huchukua mara 6 hadi 7 ya kiasi hicho, yaani takribani ampea 170 hadi 200. Sasa tuseme waya kutoka kwenye transfoma hadi kinuni una ukinzani wa ohmu 0.2 kwa kila fezi, jambo linalowezekana kabisa nyaya zikiwa ndefu na nyembamba. Kwa mkondo wa ampea 28, volti zinazopotea njiani hazifiki 6 kati ya 230, na hakuna atakayeona tofauti. Kwa ampea 190 zinapotea volti 38. Nyumba iliyo jirani na kinu, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa na volti 230, sasa imebaki na 192.

Taa ikififia, hasara ni ndogo. Mota nyingine zilizo kwenye laini hiyo ndizo zinazoumia. Nguvu ya kuzungusha ya mota hushuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo mota inayopata volti 192 badala ya 230 hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Kompresa ya friza ikiwa ndiyo kwanza inataka kuanza, hushindwa kuzunguka, hupata moto, na kilinzi chake huikata. Kanuni ya kimataifa ya mota, IEC 60034-1, inataka mota ziweze kufanya kazi volti zikipungua hadi asilimia 10, yaani hadi 207. Chini ya hapo, mwenye mali anaitegemea bahati.

Mwenye kinu naye hasalimiki. Joto ndani ya koili huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo wa mara 7 huleta joto la mara 49 kwa muda wote ambao rota haijashika kasi. Mikanda huruka au kukatika kwa mshtuko. Mota iliyoungua lazima isukwe koili upya, na wakati huo wote kinu hakiingizi chochote.

Mwisho wa laini

Umeme wa Zambia unasambazwa na shirika la ZESCO, na zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wa kuzalisha hutegemea maji. Luapula ina kituo chake cha Musonda Falls kwenye Mto Luongo, ambacho uwezo wake uliongezwa kutoka megawati 5 hadi 10. Ni kituo kidogo kwa mkoa mzima, na ukishafika ufukweni mwa Mweru umeme umekwisha kusafiri mbali. Kila kilomita ya waya huongeza ukinzani, na ukinzani ukiongezeka, pigo la mota inayoanza nalo huwa kubwa zaidi. Mota ya kilowati 15 ikianzishwa katikati ya Lusaka, karibu na kituo kikubwa, hakuna jirani atakayejua. Mota hiyohiyo ikianzishwa mwisho wa laini ya mkoani, mtaa mzima hujua.

Mwaka 2024 uliongeza mzigo. Ukame ulikausha mabwawa, na tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Mwezi Machi mgawo wa umeme ulianza kwa saa 8 kwa siku, na baadaye mwaka huo sehemu nyingi za nchi zilikaa gizani zaidi ya saa 17. Umeme unaporudi kwa saa chache tu, kila mwenye kinu hutaka kusaga wakati huohuo, kila friza inaanza upya, kila pampu inavuta. Hapo ndipo uanzaji mbaya wa mota unapogeuka kuwa tatizo la watu wote.

Kuna kosa moja linaloleta hatari katika saa hizo. Stata iliyofungwa vizuri ina kontakta, swichi ya sumaku inayojiachia umeme ukikatika, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Kinu kilichofungwa kwa swichi ya mkono peke yake hakina ulinzi huo. Umeme ukikatika huku swichi iko juu, kinu hujianzia chenyewe unaporudi, labda chungu cha kulishia kimejaa muhogo, labda mkono wa mtu umo ndani akisafisha chekecheke.

Vipande vitatu vya shaba

Fungua kisanduku cha mota ya fezi tatu na utaona boliti sita katika safu mbili. Chini zimeandikwa U1, V1, W1. Juu yake mpangilio umesogezwa kwa makusudi: W2, U2, V2. Kila koili ina ncha mbili, na kwa sababu ya kusogezwa huko, vipande vitatu vya shaba vikiwekwa wima, kila kimoja kikiunganisha boliti ya juu na ya chini, mota inakuwa kwenye delta. Vikiwekwa mlalo juu ya safu ya juu, inakuwa kwenye sta. Kwenye sta kila koili hupata volti 230, na kwenye delta hupata volti 400 zote.

Hapo ndipo ilipotoka stata ya sta-delta, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitumika vinuni Afrika Mashariki na Kati. Mota huanza kwenye sta, ikishika kasi kontakta huihamishia kwenye delta. Mkondo kutoka kwenye laini hushuka hadi theluthi moja, lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi. Inafaa, mradi mzigo uwe mwepesi wakati wa kuanza. Ndiyo maana mwendesha kinu mzoefu humwambia mama aliyeshika beseni lake asubiri kwanza: hatii punje hata moja mpaka asikie mlio umetulia. Udhaifu wa sta-delta uko kwenye kuhama. Kwa kitambo kifupi mota hukatwa kabisa na umeme, kisha hurudishwa kwa kishindo, na kishindo hicho kinaweza kuzalisha mkondo mkubwa kama ule uliokuwa ukikwepwa.

Kabla ya yote fundi husoma kibao cha mota. Kikiwa kimeandikwa volti 400 kwa delta na 690 kwa sta, mota hiyo inaweza kutumia sta-delta kwenye umeme wa Zambia au Tanzania. Kikiwa kimeandikwa volti 230 kwa delta na 400 kwa sta, ni marufuku: mota hiyo huendeshwa kwenye sta siku zote, na ikiwekwa kwenye delta ya volti 400 itaungua. Wengi wamenunua mota iliyotumika kwa bei nzuri, wakaifunga kwenye kisanduku cha mota ya zamani bila kukisoma kibao hicho.

Mlango unaofunguliwa mara mia kwa sekunde

Softi stata haina hatua mbili za ghafla. Ndani yake, kila fezi ina thairista mbili zilizogeuziana migongo, jumla sita. Thairista ni swichi isiyo na sehemu inayosogea. Kampuni ya General Electric ya Marekani ndiyo iliyoitengeneza mwaka 1957. Ukiipa ishara ndogo hufunguka na kupitisha mkondo, na hujifunga yenyewe mkondo unapofika sifuri.

Umeme wetu wa hezi 50 hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Kila mara stata hungoja kidogo kabla ya kuzipa thairista ishara. Ikingoja sana, mota hupata kipande kidogo cha wimbi, na volti zake huwa chache. Kadiri sekunde zinavyopita stata hupunguza kungoja, kipande huongezeka, mpaka mota inapata wimbi zima. Wazo la kuchezea wimbi kwa namna hii kwa ajili ya mota liliimarishwa na mhandisi Frank Nola wa shirika la anga la Marekani, NASA, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1977. Yeye alilenga kuokoa umeme kwenye mota zenye mzigo mdogo. Watengenezaji wa stata wakaona faida nyingine: njia hiyohiyo inaweza kuiamsha mota bila kishindo.

Fundi huipangia stata mambo matatu: volti za kuanzia, sekunde za kupanda, na kikomo cha mkondo. Kwenye mota yetu ya kilowati 15, kikomo kikiwekwa mara 3.5 ya mkondo wa kawaida, mota haitavuta zaidi ya ampea 98. Kwa ukinzani uleule wa ohmu 0.2, volti zinazopotea ni 20 tu. Jirani anabaki na 210, juu ya ile 207 ya kanuni, na kompresa yake haisimami. Wakati wa kuzima, stata inaweza kupunguza volti polepole vilevile. Jambo hilo lina faida kubwa kwa pampu za maji, kwa sababu pampu ikisimama ghafla maji hurudi kwa kishindo na kupasua viungo vya mabomba.

Lifti inayobebwa na mafuta

Kuiona softi stata ikifanya kazi yake ngumu kabisa, inabidi kwenda kwenye chumba cha mashine cha lifti ya hidroliki. Lifti zina historia ndefu pwani yetu. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, hutajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na taa za umeme na lifti. Mwaka huohuo wa 1883 ilianzishwa London Hydraulic Power Company, ambayo ilisambaza maji yenye shinikizo kupitia mabomba chini ya mitaa ya London ili yaendeshe kreni na lifti. Kampuni hiyo iliendelea na kazi hadi 1977.

Lifti ya hidroliki ya leo haitegemei maji ya mtaani. Ina tanki la mafuta, na mara nyingi mota na pampu vimezamishwa humo ndani. Pampu husukuma mafuta kwenye pistoni ndefu, na pistoni hukiinua chumba cha abiria. Kushuka hakuhitaji mota: valvu hufunguliwa, uzito wa chumba hukamua mafuta, yanarudi tankini. Lifti za aina hii hupendwa kwenye majengo ya ghorofa chache, kama hospitali na hoteli ndogo, kwa sababu hazihitaji mashine nzito juu ya paa.

Lakini hazina uzito wa kusawazisha kama lifti nyingi za kamba. Mota hubeba kila kitu: chumba, watu, machela. Lifti ya kilo 630, yaani abiria 8, huhitaji mota ya kilowati 10 hadi 15 hivi, ukubwa uleule wa mota ya kinu. Na kila safari ya kupanda ni mwanzo mpya. Kinu huanzishwa mara chache kwa siku, lifti ya hospitali inaweza kuanza makumi ya mara kwa saa. Ikianza moja kwa moja, taa za wodi zitafifia kila mgonjwa anapopandishwa ghorofani.

Uunganishaji wake una ujanja ambao fundi wa kinu anaweza kujifunza. Umeme hutoka kwenye swichi kuu ya kukatia, hupita kwenye kontakta, kisha kwenye softi stata, ndipo ukafika motani. Kontakta haiachwi. Thairista hata ikiwa imezimwa hupitisha mkondo mdogo, na ikiharibika kwa kawaida hubaki ikipitisha mkondo badala ya kuuzuia. Tena kuna stata za bei nafuu zinazodhibiti fezi mbili tu na kuiacha ya tatu ipite moja kwa moja. Kwenye stata kama hizo mota imesimama kimya huku boliti zake zina umeme wa kuua. Ndiyo maana usalama wa abiria hauachiwi softi stata peke yake pasipo kontakta.

Jambo la pili ni valvu. Mota inapoanza, mafuta huachwa yazunguke na kurudi tankini ili pampu isibebe mzigo. Stata ina kiguso kimoja kidogo kinachofunga pale tu mota inapofikia kasi kamili, na waya wa kiguso hicho huingizwa kwenye saketi ya valvu. Fundi akiusahau, valvu hufunga mapema na mzigo wote huiangukia mota ambayo bado imepewa nusu ya volti, yaani robo ya nguvu zake. Mota hukwama, mkondo hupanda, kilinzi hukata, na abiria hubaki wamesimama ghorofa ya chini wakibonyeza kitufe.

La tatu ni mpangilio wa fezi. Kinu kikizunguka kinyume bado kinaweza kuonekana kinafanya kazi. Pampu ya skrubu ya lifti ikizunguka kinyume haivuti mafuta, na vyuma vyake husagana vikavu. Kwa hiyo huwekwa relei inayokagua mpangilio wa fezi na kuizuia mota isianze fezi mbili zikibadilishana nafasi, jambo ambalo hutokea nyaya za mtaani zinapotengenezwa.

Ndani ya delta

Softi stata inaweza kuunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: fezi tatu zinaingia, nyaya tatu zinatoka kwenda motani, na vipande vya shaba vinabaki mahali pake. Ni rahisi, na ni vigumu kukosea. Ya pili ni kuiweka stata ndani ya delta yenyewe. Vipande vya shaba huondolewa, na nyaya sita huenda motani. Kila koili hupewa thairista zake, na kwa kuwa mkondo wa koili ndani ya delta ni asilimia 58 tu ya mkondo wa laini, stata ndogo hutosha kuendesha mota kubwa. Mahali palipokuwa na stata ya sta-delta, nyaya hizo sita tayari zipo, kwa hiyo njia hii huvutia.

Makosa mengi hufanyika hapo. Ikiwa fezi ya kwanza inapita kwenye stata kwenda U1, basi U2 lazima irudi kwenye fezi ya pili, V2 kwenye ya tatu, na W2 kwenye ya kwanza. Ncha mbili zikibadilishana, koili moja inaweza kukosa umeme kabisa huku nyingine zikibebeshwa kuliko uwezo wake. Mota hutetemeka, hulia kwa sauti nzito, na thairista zinaweza kuungua kabla fundi hajaifikia swichi. Mota za Marekani za ncha sita hazina herufi hizo, zina namba 1 hadi 6, na delta yake ni 1 na 6, 2 na 4, 3 na 5. Fundi makini huweka alama kila waya kabla ya kuufungua, kisha hupima kila koili kwa mita kabla ya kuwasha.

Kuna mambo mengine mawili ambayo fundi aliyezoea stata za kizamani huenda asiyajue. Kipimo cha insulesheni hutoa volti 500 au zaidi, kwa hiyo mota inapopimwa lazima stata itenganishwe kwanza, la sivyo thairista huharibiwa na kipimo chenyewe. Na kapasita za kurekebisha matumizi ya umeme haziwekwi kati ya stata na mota. Zikihitajika, huwekwa upande wa laini.

Vumbi la unga na jua la Mweru

Fundi anayehamisha maarifa ya lifti kwenda kinuni hukutana na mzigo wa tabia tofauti. Pampu ya lifti ni nyepesi wakati wa kuanza na hufikia kasi kwa sekunde moja au mbili. Rota ya kinu cha nyundo ni chuma kizito, na inaweza kuhitaji sekunde 10 au zaidi. Stata iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu, ikifungwa kwenye kinu chenye mota ya kilowati zilezile, inaweza kujikata kila siku. Kwa kinu huchaguliwa stata ya mizigo mizito, mara nyingi saizi moja juu ya ile inayoandikwa kwa mota hiyo.

Joto nalo lina hesabu yake. Thairista hutoa takribani wati 3 kwa kila ampea ya mota ya fezi tatu, kwa hiyo mota ya ampea 28 hutoa zaidi ya wati 80 ndani ya kisanduku. Stata bora zina kontakta ya kukwepesha, ambayo hufunga mota ikishafikia kasi na kuzipumzisha thairista. Hata hivyo unga wa muhogo ni mwembamba na hupenya kila mahali. Hujaza matundu ya feni na kuvifunika vipoozeo. Kisanduku kifungwe nje ya chumba cha kusagia, kivulini, na kisafishwe kwa ratiba.

Wenye vinu wanaotegemea jenereta wakati wa mgawo hupata faida ya ziada. Kwa kuanza moja kwa moja, mafundi wengi hukadiria jenereta ya mara mbili na nusu hadi tatu ya ukubwa wa mota. Softi stata hupunguza uwiano huo, na dizeli inayochomwa bure hupungua nao. Vinu vya sola vina njia nyingine. Zambia ilianza mwaka 2015 mpango wa kusambaza vinu 2,000 vya sola kupitia Zambia Cooperative Federation. Kinu cha sola chenye mota ya fezi tatu huwa na inveta ambayo inaweza kubadili si volti tu, bali pia hezi zenyewe, na mota huanza kwa mkondo mdogo bila kupoteza nguvu. Kifaa cha namna hiyo huwa ghali kuliko softi stata, lakini penye mzigo unaoanza ukiwa mzito ndicho kinachofaa.

Ujuzi huu unapatikana karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mansa Trades Training Institute iko mkoani humohumo, VETA ina vyuo kote Tanzania, na ng'ambo ya mpaka INPP hutoa mafunzo ya ufundi Kongo. Kijana aliyepita vyuo hivyo, akipewa ampmita ya kubana waya, anaweza kupima kwa dakika chache mkondo ambao kinu huvuta kinapoanza na volti zinazopotea njiani. Mwenye kinu akizipata namba hizo mbili, pamoja na maandishi ya kibao cha mota, anaweza kwenda dukani akijua anachotaka: stata ya aina gani, ya ampea ngapi, na nyaya nene kiasi gani. Ikiwa fedha ya stata bado haijapatikana, vinu viwili vinavyotumia transfoma moja vinaweza kukubaliana kuanza kwa kupishana dakika moja, na waendeshaji wake wakahakikisha chungu ni kitupu kabla ya kubonyeza kitufe.